Mfuko wa Suruali ya Bonana

Mimi ni mshonaji, na mshonaji hapendi kukisia. Mteja akiniambia "kata tu, si unanijua," namwambia asimame wima nimpime upya, hata kama nilimpima wiki iliyopita. Watu hunenepa kwa siri. Ndiyo maana wanawake wa Kabondo, mtaa wetu, wanasema mimi ni mgumu, na hao hao kila Desemba wananiletea vitambaa vya watoto wao, kwa sababu nguo ikitoka mikononi mwangu haimbani mtoto kwapani siku ya sherehe.

Nayasema haya mapema kwa sababu jambo lililonipata lilinipata hapo hapo nilipojiona hodari.

Zilikuwa zimebaki siku nne tufike Bonana. Ndivyo tunavyouita Mwaka Mpya hapa Kisangani, na Bonana kwetu ni ya watoto. Mtu mzima anaweza kuvaa shati la mwaka juzi na asisemwe, lakini mtoto lazima atoke na nguo mpya kuanzia kofia mpaka soksi, miwani nyeusi ya plastiki juu ya pua, na kama ni wa kiume, mara nyingi bunduki ya kuchezea begani. Wanatembea makundi makundi kutoka kwa shangazi mpaka kwa mjomba, wanapiga kelele "Bonana!", wanapewa biskuti na pipi, kisha wanakwenda kupigwa picha. Mwezi huo wote mguu wangu hautoki kwenye cherehani.

Kaka yangu aliingia uani akiwa na boksi refu ndani ya mfuko mweusi. Ni mfanyabiashara mdogo: anapeleka sabuni na betri Ubundu kwa pikipiki, anarudi na samaki wakavu. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alimrukia kabla hajasimama vizuri. "Noko! Noko!" Noko ni mjomba, kaka wa mama, na kwetu hicho si cheo cha mchezo. Baba anamlisha mtoto, lakini noko ndiye mwenye baraka yake.

"Yaya, iyi ni nini?" niliuliza. Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.

"Ni Bonana ya mupwa wangu. Fungua, mutoto wangu, fungua."

Mtoto alifungua. Ilikuwa bunduki nyeusi ya plastiki, ndefu kama mkono wangu, nzito kuliko nilivyodhani, yenye springi ya kuvuta kwa nguvu. Pembeni kulikuwa na kifuko cha risasi za plastiki za manjano, ndogo kama mbaazi. Juu ya boksi alichorwa mtoto anayecheka, na maandishi ya lugha nisiyoijua. Kitu kimoja tu nilikielewa: kumi na nne, na alama ya kujumlisha mbele yake. Nikamwonyesha kaka yangu kwa kidole.

"Iyo ni miaka ya batoto ya kwao," alisema. "Ya kwetu inakomaa mbio."

Mume wangu, aliyekuwa kwenye kiti chake na redio yake, alicheka. Mimi sikucheka.

Ili mtu aelewe kwa nini sikucheka, lazima nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa na miaka minane na kaka yangu kumi wakati majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji wetu siku sita. Siku hizo sita tulilala chini ya kitanda cha wazazi, mimi na yeye bega kwa bega, mama na papa wakiwa wamesimamisha godoro pembeni kama ukuta. Siku ya pili bomu liliangukia nyumba iliyo nyuma ya yetu. Sakafu iliruka, vumbi likatuingia mdomoni, na mimi nikajikojolea. Mkojo ulienea kwenye liputa, kitenge ambacho mama alikuwa ametutandikia, na harufu ikaanza kupanda. Papa akauliza ni nini. Nilitamani bomu la pili lije haraka.

Kaka yangu alijisogeza taratibu mpaka pale palipolowa, akakaa juu yake hadi kaptula yake ikalowa pia, ndipo akasema, "Papa, pardon. Ni mimi."

Papa alimwambia si kitu. Lakini vita ilipokwisha mama alianika liputa ile, akamweleza jirani, na habari ikasambaa. Watoto wa mtaa walimwita kaka yangu kikojozi mwaka mzima. Mvulana wa miaka kumi! Alipigana nao, alilia, alirudi na mdomo umevimba, na hata siku moja hakusema kwamba ilikuwa mimi. Tangu hapo nimewapima watu wote ninaoshughulika nao, ila yeye. Neno lake lilinitosha.

Na papa, baada ya siku zile sita, alituita wote wawili akasema kwamba katika nyumba yake hakuna mkono utakaomlenga mtu, hata kwa kijiti. Kaka yangu ndiye aliyejibu kwa sauti kuliko mimi: "Hata muti, papa." Papa sasa amelala makaburini, na huyu hapa kaka yangu anampa mwanangu bunduki.

"Yaya, umesahau papa alisema nini?"

"Sijasahau. Lakini iyi si bunduki, iko plastique. Batoto yote ya avenue iko nazo. Unataka mutoto wako apite Bonana na mikono mitupu, juu ya vita ya zamani?"

Mtoto alikuwa ameishika kwa mikono miwili, ananiangalia. Nikamgeukia mume wangu. Alipunguza sauti ya redio, akainua mabega. "Mambo ya noko, mimi sina kinywa."

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Mama yangu alikuwa akisema zawadi ya noko hairudishwi na mkono wa mama. Mama akiikataa, noko akiondoka na uchungu moyoni, njia ya mtoto inafungwa: shule haiingii, ugonjwa hautoki. Kama ni lazima irudi, basi irudi kwa mkono wa mtoto mwenyewe, kwa hiari yake. Siamini kila alichosema mama. Lakini kuna mambo ambayo mtu hayaamini na bado hathubutu kuyajaribu kwa mtoto wake wa pekee.

"Bon," nikasema. "Nitaipima. Ikifaa, atabaki nayo. Ikikataa, utatafuta kitu ingine."

Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. "Utaipima kama kiuno?"

"Kama kiuno."

Niliifanya kazi hiyo asubuhi ya pili, na sijutii hata hatua moja yake. Nilichukua utepe wangu wa kupimia na chaki ya kushonea, nikachora mistari uani: hatua mbili, tano, kumi. Ukutani niliegemeza katoni ya biskuti. Nikachuma papai lililoiva kwenye mti wetu, nikaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kukinga macho, nilivaa ile miwani nyeusi ya Bonana ya mwanangu, iliyonibana masikio na kufunika nusu tu ya kila jicho. Jirani alinichungulia kupitia uzio akaita watoto wake waje kutazama. Waache watazame, nilijiambia.

Kutoka hatua kumi, katoni ilitikisika tu. Kutoka tano, ilipata kishimo. Kutoka mbili, risasi ilitoboa na tukaisikia ikigonga gonga ndani. Kisha papai. Nililipiga kutoka hatua tano. Ngozi ilifunguka na ile mbaazi ya manjano ikazama, ukabaki mgongo wake tu, maji ya papai yakitiririka pembeni. Kaka yangu, aliyekuwa akinitania tangu tuanze, aliinama akalitazama papai.

"Sasa mimi," nikasema. Niliweka kiganja changu cha kushoto mbele ya katoni. "Hatua tano. Piga."

"Weye uko mupumbavu?"

"Yaya, piga."

Alipiga. Niliumia kuliko nilivyotarajia, nikatoa neno ambalo sikutaka mtoto alisikie. Pakabaki duara jekundu lenye katikati nyeupe, ambalo baadaye liligeuka zambarau, na lilikaa kiganjani siku tano. Ngozi ya kiganja cha mshonaji ni ngumu, sindano zimeizoea. Nilimtazama mwanangu, macho yake makubwa, nikamaliza kufikiri.

Hukumu yangu ilikuwa hii: bunduki ibaki, risasi ziondoke. Springi peke yake inasema "tak" na haiumizi nzi. Atatembea nayo, atapigwa nayo picha, noko hatakuwa na uchungu, na papa kaburini atavumilia kidogo. Nilipitisha sindano ndefu ya kufumia ndani ya mdomo wa bunduki kuhakikisha hakuna iliyobaki. Kifuko chote cha manjano nilikimwaga chooni mbele yao. Kisha nikamtaka kaka yangu aape, si kwa kuwa nilikuwa na shaka naye, bali ili mtoto aone kwamba mambo yamefungwa.

Alilowesha kidole ulimini, akagusa ardhi, akakielekeza juu, akakipitisha shingoni. "Kaburi ya papa. Masasi iyi ya plastique, mutoto hataiona tena kwa mukono yangu."

Nikaridhika. Mimi ninayempima mteja mara mbili, sikukipima kiapo hicho hata mara moja.

Siku hiyo hiyo nilianza suruali ya Bonana ya mwanangu, kitambaa cha bluu iliyokolea nilichokuwa nimekificha kwa ajili yake. Alikuja akasimama karibu na cherehani. "Mama, utaniwekea poche kubwa?"

"Ya nini?"

"Ya pipi."

Nikamwekea mfuko mkubwa. Mfuko wa kulia niliushusha karibu na goti, nikatumia kitambaa kigumu cha ndani, nikaushona kwa uzi maradufu, maana najua mikono ya watoto inavyotoboa mifuko. Alinikumbatia shingoni. Siku ya Bonana kaka yangu alikuja akiwa amependeza, akamchukua mpwa wake kwenda Makiso, katikati ya mji, kupigwa picha. Mimi nilibaki na masufuria ya pondu, yale majani ya muhogo, na ya kuku, nikifurahi.

Picha ilipofika niliitundika ukutani juu ya cherehani. Mwanangu amesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, miwani puani, bunduki kifuani, na noko wake nyuma yake, mkono begani. Kitu kimoja tu kiliniudhi: kiuno cha suruali kilikuwa kimeinama upande wa kulia. Nilikasirika na mkono wangu. Hata nilimwita mtoto, nikampima upya, nyonga kwa nyonga, nikaona ziko sawa, nikaamua kwamba niliharakisha kukata kwa sababu ya wingi wa kazi.

Januari nzima nilijisifu. Kila mwanamke aliyekaa kwenye benchi langu alisikia habari ya papai na kiganja. "Kila kitu kina kipimo chake," niliwaambia. "Usikatae, usikubali, pima kwanza." Walisema, "Mama, uko na akili." Mara moja niliona wawili wakitazamana wakati nikisema hivyo, nikadhani wananionea wivu.

Halafu mapapai. Siku moja nilitazama juu ya mti, nikaona mapapai mabichi yana vidoti vidoti, kila kidoti kikitoa utomvu mweupe ulioganda. Nikamuuliza mwanangu.

"Ni ndege, mama," alisema, akiniangalia usoni bila kupepesa.

Ndege hadonoi papai bichi. Nimekulia chini ya mipapai, najua. Lakini nilirudi kwenye cherehani, kwa sababu nilitaka iwe ndege.

Siri ilikuja kufunguka kwa njia ya kazi yangu mwenyewe. Mwishoni mwa mwezi jirani yetu, yule wa upande wa pili wa uzio, alimleta binti yake wa miaka tisa nimpime sare ya shule. Nilipitisha utepe kifuani, kiunoni, halafu nikamwinua kidevu ili nipime shingo. Chini ya jicho lake la kushoto, upana wa kidole kimoja chini ya jicho, palikuwa na duara. Pembeni zambarau, katikati peupe.

Niliangalia kiganja changu cha kushoto, ingawa alama yake ilikuwa imekwisha kitambo.

"Nani alikufanya ivi?"

Mtoto alimwangalia mama yake. Mama yake aliangalia mabati.

"Alianguka," alisema mama.

"Alianguka juu ya kitu gani ya kufanya duara?"

Yule mama alivuta benchi karibu na kushusha sauti, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari ambayo nyumba nzima inaijua. "Mama, tusifanye kelele. Noko ya mutoto wako alisha kuja kuomba pardon, na mukate na sukari. Alituomba tusikuambie, ati roho yako iko dhaifu. Tulimaliza."

"Lini?"

"Week iliyopita."

Wiki nzima! Wiki nzima mama huyo alipita mbele ya mlango wangu asubuhi, akaniuliza nimeamkaje, nikamjibu salama. Nilirudia kupima shingo ya binti yake mara tatu na kila mara nikaandika namba tofauti.

Mwanangu aliporudi kutoka shule adhuhuri, nilimkalisha juu ya meza ya kukatia. Sikumpiga. Nilimwambia tu kwamba nimeliona jicho la mwenzake, na kwamba sasa sitaki ndege. Alilia kidogo, akashuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye uzio ambapo yanaota yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba. Chini ya majani kulikuwa na kopo la nyanya. Alilifungua. Lilijaa mbegu nyeusi.

Nazijua mbegu zile. Maua yakikauka yanaacha vifuko vyenye miiba laini, na ndani yake mna mbegu nyeusi, za mviringo, ngumu kiasi kwamba ukizikanyaga kwa kiatu zinaingia ardhini zikiwa nzima. Plastiki ni laini mbele yake. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukizipuliza kupitia shina la jani la mpapai, kushindana nani atafika mbali. Mimi ndiye niliyemwonyesha mahali zinapoota nyingi.

"Si zote zinaingia, mama," mwanangu alinieleza, na machozi bado yakiwa mashavuni sauti yake ilianza kuwa na fahari. "Ile kubwa inakwama. Noko alinifanyia kipimo." Akatoa kipande cha karatasi ngumu chenye tundu moja katikati. Mbegu inayopita kwenye tundu inafaa, isiyopita inatupwa. Karatasi ile ilikuwa yangu, ile ninayochorea mifano ya nguo. Nilitambua mstari wangu wa bega juu yake.

"Noko alisema usiniambie?"

"Ndiyo. Alisema utaogopa."

"Mimi naogopa?"

Aliinamisha kichwa, na nikaona anajizuia kutabasamu, kama mtoto anayekumbuka kitu alichoambiwa kinachekesha. "Noko alisema wakati ya vita ulikojoa chini ya kitanda. Alisema toka pale uko mutu ya kuogopa."

Nilikaa juu ya ndoo, ile ile niliyowekea papai. Nilikuwa na hasira, lakini hasira ilikuja baadaye. Kwanza ilikuja aibu. Aibu ya msichana wa miaka minane, mbichi kabisa, mbele ya mtoto niliyemzaa mwenyewe. Alikuwa ameijua tangu lini? Kila jioni nilipomwambia osha miguu, soma, usiogope giza, alikuwa akiniangalia hivyo? Na mume wangu nilipomuuliza kama alijua habari ya mbegu, alisema, "Nilisikia sikia," akapandisha redio.

Kaka yangu alirudi kutoka Ubundu Jumapili, na kifungu cha samaki kama kawaida. Nilimpa kiti. Nikaweka kopo la nyanya mbele yake.

Aliangalia kopo, akaangalia mimi, akacheka. "Dada, niliapa juu ya plastique. Uliona plastique hapa? Sijagusa."

"Iko kidole moja, yaya. Kidole moja tu, na mutoto wa watu angekosa jicho."

Akaacha kucheka. "Ile ilikuwa aksida, hakukusudia. Nilienda kuomba pardon."

"Kwao ulienda. Na kwangu?"

Aliinama akakaza kamba ya kifungu cha samaki.

"Na ile ya kitanda?"

Hapo alifungua kopo. Alichukua mbegu moja akaizungusha kati ya vidole. Nilitegemea atasema amekosa. Nilikuwa tayari kumsamehe yote, naapa, kama angesema neno hilo moja.

"Mutoto aliuliza kwa nini unakataa," alisema hatimaye. "Ilinipasa kumujibu kitu."

"Ungemwambia papa alikataza."

"Papa!" Sauti yake ilipanda. "Papa alikufa akijua kama ni mimi nilikojoa. Miaka yote nilibeba mukojo yako. Walinicheka mimi, hapana weye. Siku moja tu nimeitua, na unanihukumu."

Ni kweli aliibeba aibu ile. Nilidhani aliibeba kwa kuwa ananipenda; kumbe alikuwa akiihesabu siku kwa siku, na alipochoka hakuitua mbele yangu, aliitua mbele ya mwanangu, kama kichekesho, ili wapate kucheza bila mimi. Kitu kizuri kuliko vyote ambavyo mtu amewahi kunitendea hapa duniani, yeye mwenyewe alikichukua tena. Hilo ndilo liliniuma. Jicho la yule binti lilipona, Mungu asifiwe, na alama ikafutika kabla sijaimaliza sketi yake ya shule.

Nilimwita mwanangu. Nilikuwa nimeongea naye siku mbili, na hata sasa sijui kama alikubali kwa hiari au kwa kuona uso wangu. Alileta bunduki kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kumpa mkubwa kitu, akamkabidhi noko wake. Alikuwa analia. Kaka yangu aliipokea, na kwa kuwa mtoto alikuwa analia, na kwa kuwa alitaka kutengeneza mambo, alilowesha kidole ulimini akainama kugusa ardhi.

"Rudisha kidole yako," nilimwambia.

Alikirudisha. Nilimpakulia chakula, maana noko haondoki na njaa nyumbani kwa dada yake, akala peke yake. Kisha akaifunga bunduki nyuma ya pikipiki, pale anapofungia samaki, akaenda. Anakuja bado. Tunaulizana habari za afya. Akiniambia mvua imenyesha Ubundu, namuuliza na mtu mwingine.

Maua mekundu niliyang'oa siku iliyofuata, mizizi yote, ingawa najua yataota tena. Kazi ilipokwisha niliketi kwenye cherehani na mikono yenye udongo, nikainua macho kwenye picha ya Bonana. Nilikuwa nimeiangalia kila siku, mwezi mzima. Pazia la maporomoko, miwani, mkono wa kaka yangu begani kwa mwanangu. Mfuko wa kulia umeshuka, umejaa, mzito, umevuta suruali nzima upande wake. Pipi hazining'inii hivyo. Mshonaji yeyote angeona. Siku ile ile ya kwanza, asubuhi ile nikipika kuku, walikuwa wameshajaza zile mbegu ndani ya mfuko nilioushona kwa uzi maradufu ili usitoboke.

Picha sijaitoa. Wateja wanaiangalia wakati nikiwapima, na wanapenda kitambaa. Juzi mmoja aliinamisha kichwa, akaniuliza mbona kiuno kimekaa upande. Mwanangu alikuwa mlangoni na daftari lake, akasimama kusikiliza.

"Pardon, mama," nilimjibu yule mteja. "Ni mimi. Nilikata vibaya."